Kabla ya Kupanda Mawimbi, Ipange Afya Yako

Likizo ya Agosti inapokaribia, wakazi wengi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na hata Taveta huanza kuhesabu akiba zao wakiwaza safari ya kuteremka pwani. Hapo zamani safari hiyo ilikuwa na mpango rahisi: kuoga baharini Bamburi, kula viazi karai, kupiga picha juu ya ngamia, kisha kurudi nyumbani. Siku hizi mambo yamebadilika. Vijana wanataka kuvipisha vishindo vya mji na kutafuta ufuo mtulivu usio na watu wengi, huko Tiwi, Watamu, Malindi au Mambrui, wakodi ubao na kujaribu ule mchezo wa kupanda mawimbi.

Huu ni mchezo mzuri. Unaimarisha misuli ya mabega, mgongo na miguu, unafanyisha kazi moyo na mapafu, na unaondoa mawazo yanayomlemea mtu wa ofisini. Kwa hiyo sikuandiki leo, msomaji wangu, ili nikutishe. Nakuandikia kwa sababu wewe wa bara, uliyezaliwa na kulelewa mbali na maji ya chumvi, unaingia katika mazingira ambayo mwili wako na akili yako havijayazoea. Wapwani wana msemo: bahari haishi zinge. Anayeujua msemo huo tangu utotoni hujihadhari bila kuambiwa. Wewe na mimi hatuna budi kujifunza.

Chagua majira na mahali

Mpango wa safari huanza kwa kujua pepo. Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, nayo huleta bahari yenye ghasia na mawimbi makubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na aghalabu bahari huwa tulivu na maji huwa meupe. Kati ya majira hayo kuna kipindi cha matlai, pepo zinapobadilika.

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na ufuo. Mawimbi makubwa huvunjikia huko nje, na ndani hubaki maji ya kina kifupi yanayofaa kwa watoto na wanaojifunza kuogelea. Ghuba ya Malindi ni tofauti. Mto Sabaki humwaga tope nyingi baharini kaskazini mwa mji huo, na matumbawe hayapendi tope. Kwa sababu hiyo ghuba haina ukuta kamili wa mwamba, na mawimbi ya kusi hufika mpaka ufuoni. Ndiyo maana wapanda mawimbi huipenda Malindi, hasa Julai hadi Septemba.

Huenda hukuwahi kufikiri kwamba baadhi ya maji hayo yanatoka kwetu. Mto Tsavo, unaopokea maji ya chemchemi za Mzima, huungana na Mto Athi na kuwa Galana, nao Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Ujamaa huo usikudanganye ukaogelea mdomoni mwa mto. Hapo kuna viboko, maji ni ya tope usiloweza kuona chini yake, na baada ya mvua mto huteremsha uchafu wa miji na mashamba yote uliyoyapitia. Anayeyameza maji hayo hujitafutia kuharisha, na anayeingia na kidonda hujitafutia usaha.

Ikiwa wewe ni mwanafunzi katika mchezo huu, usianze na mawimbi ya kusi. Anza ndani ya mwamba, mahali maji yanapokufika kifuani, ukiwa na mwalimu anayekijua kitongoji hicho. Na kama hujui kuogelea, tafadhali usipande ubao kamwe. Ubao si boya. Kamba inayoufunga kwenye mguu hukatika, na ikikatika utabaki wewe na maji.

Kujaa na kupwa

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila hatua ikichukua saa sita na dakika kadhaa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu inaweza kukaribia mita 4. Hicho ni kimo cha zaidi ya watu wawili! Mahali ulipotembea kwa miguu asubuhi ukiokota makome panaweza kukufunika mchana. Uliza wavuvi saa za maji kabla hujaondoka ufuoni. Hawatakunyima jibu.

Maji yakipwa nayo yana hatari yake. Mwamba huwa karibu na uso wa maji, na anayeruka kichwa mbele huweza kuuvunja mfupa wa shingo. Jeraha la namna hiyo huweza kumpoozesha mtu mikono na miguu kwa maisha yake yote, na hakuna upasuaji unaoweza kumrudishia kila kitu. Ukianguka kutoka kwenye ubao, anguka kwa mgongo au ubavu, ukikumbatia kichwa kwa mikono yako miwili. Unapoibuka, tanguliza mkono juu ya kichwa ili ubao usikupige utosini.

Mkondo unaovuta

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hili ndilo linaloua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Umoja wa Mataifa uliona uzito wa jambo hili, na mwaka wa 2021 ukaitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuwakumbusha watu kujikinga dhidi ya kufa maji.

Mawimbi yanaposukuma maji ufuoni, maji hayo lazima yarudi. Hutafuta njia nyembamba, pengine kwenye mwanya wa mwamba, na kurudi kwa kasi kuelekea bahari kuu. Ukisimama ufuoni utaiona njia hiyo kama ukanda wa maji yaliyotulia kati ya mawimbi yanayovunjika, au ukanda wenye rangi ya mchanga uliotibuliwa. Mgeni huyaona maji hayo yametulia akadhani ndipo mahali salama pa kuoga. Kumbe ameingia katika mkondo.

Mkondo haumzamishi mtu chini. Humvuta mbali. Kinachomuua ni kupigana nao. Hujaribu kurudi moja kwa moja ufuoni, huchoka, humeza maji, na nguvu humwishia. Ukinaswa, fanya hivi. Kwanza, tulia ulale chali uelee, upate kupumua. Pili, inua mkono mmoja uombe msaada. Tatu, kama una nguvu, ogelea sambamba na ufuo, yaani ubavuni mwa mkondo, mpaka utoke. Kisha rudi ufuoni ukisaidiwa na mawimbi. Kama una ubao, usiuache, kwani katika hali hiyo utakusaidia kuelea.

Je, ukiona mwenzako anazama? Moyo utakuambia ujitose. Usijitose kama hukufunzwa uokoaji, maana anayezama humkumbatia mwokozi wake wakazama wote wawili. Mrushie kitu kinachoelea. Mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, uliofungwa kifuniko vizuri na kutiwa kamba, unatosha kuokoa maisha. Ufuo mtulivu mnaoutafuta mara nyingi hauna waokoaji, kwa hiyo kundi lenu libebe mtungi huo na lichague mtu mmoja wa kukaa nchi kavu akitazama. Asiwe na simu mkononi!

Akitolewa majini hapumui

Watu wengi wangali wanamning'iniza aliyezama miguu juu, au wanamkanyaga tumbo ili maji yatoke. Acheni. Kufanya hivyo hupoteza dakika za thamani na humtapisha chakula kikaingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, mwinue kidevu, mbane pua, umpulizie pumzi 5 mdomoni hadi uone kifua kikipanda. Akiwa bado hajapata fahamu wala kupumua, weka viganja viwili katikati ya kifua na ukandamize mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hivi na kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpulizie tena pumzi 2, kisha endelea kukandamiza 30 na kupuliza 2 bila kuchoka mpaka msaada ufike. Wakati huohuo mtu mwingine apige simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Hata akizinduka na kusema yuko sawa, mpelekeni hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa chache baadaye. Kabla ya safari, ijue hospitali ya umma iliyo karibu na ufuo wenu: Msambweni kwa mnaokwenda kusini, Kilifi na Malindi kwa mnaokwenda kaskazini, na hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa kwa matatizo makubwa. Beba kitambulisho, na uhakikishe umejisajili na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Malaria hukufuata nyumbani

Mtu aliyekulia Wundanyi, Werugha au Mgange, kwenye milima inayopanda hadi mita 2,208 pale kilele cha Vuria, hakukua akiumwa na mbu wa malaria kila msimu. Kwa hiyo mwili wake hauna kinga aliyonayo mzee wa Msambweni. Mwenyeji wa pwani anaweza kuugua akaendelea na shughuli zake, ilhali wewe, kwa vijidudu vilevile, ukalazwa.

Niliwahi kumtibu kijana mmoja kutoka milimani, mwenye afya na nguvu, aliyekaa siku tano ufuoni na wenzake. Alirudi mzima. Siku ya kumi na mbili akaanza kutetemeka na kuumwa na kichwa. Nyumbani walisema ni uchovu wa safari, wengine wakasema ni jini wa baharini aliyemfuata, na akapewa vidonge vya kutuliza maumivu kutoka dukani. Alipoletwa kwetu siku nne baadaye, macho yalikuwa manjano, mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa, na hakumtambua mamake. Alipona kwa sindano za artesunate, lakini angechelewa siku moja zaidi sijui tungezungumza nini.

Somo ni hili: mbu akikuuma leo, homa haitokei kesho. Kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 14, na pengine mwezi au zaidi. Hivyo ukipata homa wakati wowote katika miezi mitatu baada ya kutoka pwani, nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo, na mwambie mhudumu kwamba ulikwenda pwani. Usiponunua dawa kwa kukisia ndipo utakapojisaidia zaidi. Wengi wangali wanaulizia klorokwini, ambayo Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria tangu mwaka wa 1998 kwa sababu vijidudu viliishinda.

Kinga ni chandarua kilichotiwa dawa, nguo za mikono mirefu jioni, na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Wasio na kinga ya mwili, hususan wanaotoka milimani, wazungumze na daktari kuhusu vidonge vya kuzuia malaria. Vingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, vingine wiki mbili au tatu kabla, na vyote huendelea kumezwa baada ya kurudi. Mpanda mawimbi aelewe kwamba doksisaiklini, ambayo ni mojawapo ya vidonge hivyo, huifanya ngozi iungue upesi juani, na haipewi wajawazito wala watoto wadogo. Mama mjamzito, kwa hakika, afikirie mara mbili kabla ya kwenda.

Mbu wa mchana naye asisahauliwe. Mombasa imewahi kupata milipuko ya homa ya dengi, na ya chikungunya mwishoni mwa 2017 na 2018. Homa yenye maumivu makali ya viungo au vipele isitibiwe kwa aspirini kabla hujapimwa, kwani aspirini huweza kuzidisha kutokwa na damu.

Jua, miiba na sumu

Usiseme ngozi nyeusi haiungui. Inaungua, ila wekundu wake hauonekani upesi. Vaa fulana na ujipake mafuta ya kukinga jua, hasa usoni na mgongoni. Ndugu zetu wenye ualbino waoge asubuhi mapema au jioni tu, kwani jua kali huwaletea saratani ya ngozi. Kunywa maji au madafu mara kwa mara kabla hujahisi kiu. Mnazi, mbangara na bia viwe vya baada ya bahari, wala si kabla. Pombe humpa mtu ujasiri na kumnyang'anya pumzi.

Vaa viatu vya mpira unapotembea kwenye mwamba. Kuna yule mnyama mweusi wa mviringo mwenye miiba mirefu kama sindano, kuna taa mwenye mwiba mkiani aliyejificha mchangani, na kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe, ambaye miiba yake ina sumu kali. Ukichomwa, toka majini na uitumbukize sehemu hiyo katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasiyokuunguza, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu. Mwiba uliozama usiufukue kwa wembe. Nenda zahanati. Makome mazuri yenye umbo la pia usiyaokote, kwani mengine yana konokono hai wenye sumu ya kuua.

Mkwaruzo wa matumbawe uoshe kwa maji safi na sabuni mara moja, uondoe chembechembe zote, na uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Na chakula? Samaki mbichi apikwe aive, maji yachemshwe au yawe ya chupa iliyofungwa. Samaki aitwaye bunju, anayejivimbisha kama mpira, asiliwe. Nyama ya kasa nayo ni haramu kisheria na inaweza kuwa sumu: Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Kichocho, ambacho watu wa Taveta wanakijua, hakipatikani baharini, kwa sababu konokono wanaokibeba hawaishi katika maji ya chumvi. Lakini kama ulikulia ukicheza katika mifereji ya Taveta na unakojoa damu au kuumwa na tumbo, pimwa kabla ya safari wala usije ukailaumu bahari.

Nani aonane na daktari kwanza?

Mwenye kifafa asiingie majini peke yake, hata yakiwa ya magotini. Kuanguka kifafa majini ni sawa na kufa maji. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mwenye kisukari asiruke chakula, na insulini yake isiachwe juani. Mwenye ugonjwa wa seli mundu ajiepushe na maji baridi, uchovu na kiu. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu apimwe kabla ya kulipa nauli.

Vijana nao nawaambia bila kuficha: likizo huwa na starehe zake, na virusi vya ukimwi havina likizo. Mpira wa kondomu ubebwe kutoka nyumbani. Jambo likitokea bila kinga, dawa za kuzuia maambukizi zipo hospitali, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72.

Njiani

Kutoka Voi hadi Mombasa ni kama kilomita 150, na kutoka Mombasa hadi Malindi kama kilomita 120. Kwa wengi wenu, hatari ya kwanza ya safari ni hiyo barabara kuu yenye malori. Safirini mchana, fungeni mikanda, na msimlazimishe dereva aliyecheza na mawimbi kutwa nzima kuwarudisha usiku. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka wa 2017 na inayosimama Voi, ni njia nzuri ya kumpumzisha.

Kata ukurasa huu, msomaji, uutie ndani ya mfuko wa safari pamoja na chandarua, bendeji, sabuni, chumvi ya kuongeza maji mwilini na ule mtungi wenye kamba. Tarehe ya kurudi kwako iandike kwenye kalenda ya ukutani, ili homa ikitokea, yeyote aliye nyumbani ajue la kumwambia daktari. Nakutakia safari njema, na bahari ikupokee na kukurudisha salama.